Mlima umekunywa maji kiasi gani?

Siku ya Alhamisi, tarehe 4 Mei 2023, ilikuwa siku ya soko huko Nyamukubi, kando ya ziwa Kivu, katika wilaya ya Kalehe. Watu walikuwa wamekusanyika kuuza na kununua, kama ilivyo desturi. Mvua ikanyesha kwa nguvu juu ya milima, na mito mifupi itokayo huko ikashuka pamoja na tope, magogo na mawe makubwa. Nyamukubi na jirani yake Bushushu vikapigwa. Waliokufa walihesabiwa zaidi ya 400, na wengine wengi hawakuonekana tena. Usiku wa kuamkia tarehe 3 ya mwezi uleule, ng'ambo ya ziwa, nchi ya Rwanda ilikuwa imekwisha kupoteza watu zaidi ya 130 kwa mafuriko na maporomoko ya udongo.

Mbele ya msiba wa namna hiyo, mtu hujiuliza: je, kulikuwa na njia ya kujua mapema? Wasomaji wapenzi, swali hili lina jibu, nalo si la waganga wala la wapiga ramli. Hakuna mtu duniani awezaye kutaja saa ambayo mteremko fulani utaanguka. Lakini inawezekana kujua kwamba hatari inapanda siku hata siku, jinsi tunavyojua homa ya mgonjwa inapanda kwa kuipima. Kinachopimwa ni mvua. Katika nchi nyingine kazi hiyo inafanyika tangu karibu miaka hamsini. Kwetu Kivu imeanza, lakini inasimama juu ya mguu mmoja, na ningependa kueleza ni mguu gani uliokosekana.

Maji yanafanya nini ndani ya udongo

Tuanze na hesabu ndogo, ya darasa la tano. Tunaposema kwamba imenyesha milimeta 1 ya mvua, maana yake kila meta mraba moja ya ardhi imepokea lita 1 ya maji. Basi ikinyesha milimeta 100 juu ya shamba la hektari moja, shamba hilo limepokea lita milioni moja, yaani uzito wa tani 1,000. Sehemu ya maji hayo hukimbia juu ya ardhi mpaka mtoni. Sehemu nyingine huzama.

Wengi hufikiri kwamba mlima huanguka kwa sababu ya uzito wa maji hayo. Uzito una sehemu yake, lakini si jambo lililo kubwa. Chukueni mchanga mkavu wa ufukoni: haushikamani. Utieni maji kidogo, nao utashikamana hata mtoto aweza kujenga nyumba nao. Ongezeni maji mengi, nyumba itayeyuka mara moja. Ndivyo ulivyo udongo wa mlimani. Kati ya chembe zake kuna vitundu vidogo sana. Vitundu hivyo vikiwa na hewa na unyevu kidogo, chembe huvutana na kusuguana, nao udongo husimama imara hata penye mteremko mkali. Vikijaa maji kabisa, maji hayo husukuma chembe moja mbali na nyingine. Msuguano hupungua. Mlima haulemewi tu, unalegea. Na mara nyingi hulegea pale ambapo udongo laini unakutana na mwamba mgumu usiopitisha maji, meta moja au mbili au zaidi chini ya miguu yetu, mahali tusipopaona.

Kwa hiyo mteremko husikiliza mvua mbili. Ya kwanza ni ile ya siku na majuma yaliyopita, ambayo imejaza vitundu polepole. Ya pili ni ile ya leo, inayokuja kumalizia kazi. Tuseme kijiji kimoja kinapata milimeta 60 kwa jioni moja mwanzoni mwa Septemba, baada ya kiangazi. Ardhi iliyo na kiu itayanywa maji hayo, na pengine hakuna kitakachotokea isipokuwa njia kuharibika. Kijiji hichohicho kikipata milimeta 60 zilezile mwishoni mwa Aprili, baada ya mvua ya kila siku, maji hayatakuwa na mahali pa kwenda. Yule anayetazama mawingu ya leo tu ataona mvua mbili zilizo sawa. Yule mwenye daftari la majuma yaliyopita ataona tofauti kubwa, na pengine ataihamisha jamaa yake kabla ya usiku.

Hong Kong: mji uliojifunza kwa machozi

Yanipasa sasa kuwapeleka mbali kidogo, kwa sababu huko mambo haya yameandikwa kwa utaratibu tangu mwanzo. Hong Kong ni mji wa pwani ya China, uliojengwa juu ya vilima vikali, wenye watu wengi katika nafasi ndogo. Wakati ule ulitawaliwa na Waingereza. Tarehe 18 Juni 1972, baada ya siku tatu za mvua iliyopita milimeta 600, miteremko miwili iliporomoka siku moja: mmoja mahali paitwapo Sau Mau Ping, ukaua watu 71, na mwingine katika barabara ya Po Shan Road, ukaua 67. Mwaka 1976 Sau Mau Ping ikaanguka tena, wakafa 18. Hapo serikali ikaona haya. Mwaka 1977 ikaanzisha ofisi maalum ya kuchunguza miteremko yote ya mji, na mwaka uleule mpango wa kutoa onyo kwa watu ukaanza.

Lakini onyo litolewe lini? Hapo ndipo hesabu za mvua zilipotakiwa. Mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Hong Kong, Peter Lumb, alikuwa ametangaza mwaka 1975 uchunguzi wake: aliweka pamoja siku za maporomoko ya miaka iliyopita na mvua ya saa 24 za siku ile, tena na mvua ya siku 15 za nyuma. Tazameni jinsi kazi yenyewe ilivyo rahisi kuieleza. Upande mmoja ni orodha ya siku ambazo mlima ulianguka, na upande mwingine ni orodha ya mvua. Unaweka kidole hapa na kidole pale, na kuuliza: siku hizo maji yalikuwa kiasi gani?

Mwaka 1984 wataalamu wengine wa ofisi ile, Brand na wenzake, wakiwa na vipimo vingi zaidi vilivyoandika mvua saa kwa saa, wakasahihisha neno la kwanza. Waligundua kwamba kwa udongo wa Hong Kong mvua ya siku za nyuma haina nguvu kama ilivyodhaniwa. Kinachoangusha miteremko mingi ya kule ni mvua kali ya muda mfupi. Tangu hapo wakaweka kizingiti: ikitazamiwa kwamba mvua itapita milimeta 175 kwa saa 24, au milimeta 70 kwa saa moja, onyo litolewe. Baadaye njia hiyo ilirekebishwa mara kadhaa. Sasa wanayo mitambo ya kupima mvua zaidi ya mia moja, inayopeleka habari yenyewe bila mtu kuisoma, na hesabu yao inaunganisha mvua iliyokwisha kunyesha na ile inayotazamiwa kwa saa chache zijazo. Onyo hutangazwa kwa redio na televisheni. Pamoja na hayo waliimarisha miteremko yenyewe kwa kuta na mifereji, maana onyo peke yake halizuii udongo.

Mbona natumia muda mrefu juu ya Hong Kong? Kwa sababu ya lile sahihisho la 1984. Udongo wa mji ule ulikataa kanuni iliyoonekana ya busara. Kama wangeendelea kuhesabu siku 15 kwa kuwa kitabu kimesema hivyo, wangeonya watu siku isiyo na hatari na kunyamaza siku ya hatari. Mwaka 1980 mtaalamu wa Marekani, Nel Caine, alikusanya habari za maporomoko 73 kutoka nchi mbalimbali akapata mstari mmoja wa dunia nzima: chini ya karibu milimeta 15 kwa saa moja, au karibu milimeta 100 kwa usiku na mchana, maporomoko mepesi ni haba. Mstari huo umewasaidia wengi kuanza. Lakini ni wastani, kama kusema kiatu cha wastani cha watu wote wa parokia ni namba 40. Mjaribu kukivaa. Udongo mwekundu mzito uliotokana na mawe ya volkano, kama ule wa Bukavu, hauna tabia ya mchanga wa mahali pengine. Kizingiti cha Kalehe lazima kitoke Kalehe.

Tumefika wapi Kivu

Sasa turudi kwetu. Wataalamu wa Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, huko Tervuren, Ubelgiji, pamoja na wenzao wa vyuo vya nchi zetu, wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya milima hii inayofuata Bonde la Ufa, kutoka upande wa Uganda mpaka ziwa Tanganyika. Mwaka 2018 Elise Monsieurs na wenzake walitangaza orodha ya maporomoko ambayo mahali pake na tarehe yake vinajulikana. Kwa miaka 48, tangu 1968 hadi 2016, katika eneo hilo lote lenye milima isiyo na hesabu, walipata matukio 143.

Someni tena hesabu hiyo. Matukio 143 kwa miaka 48, katika sehemu za nchi kadhaa! Mwalimu yeyote afundishaye milimani ameona kwa macho yake udongo ukianguka mara nyingi katika masika moja: huku shamba la mihogo limekatika, kule njia ya kwenda kisimani imezikwa. Si kwamba wataalamu walikuwa wavivu. Habari hazikuandikwa. Poromoko lililoua watu wengi karibu na barabara kuu liliandikwa katika magazeti. Lililobeba mbuzi watatu na nusu ya shamba la mjane, nyuma ya vilima viwili, halikuandikwa popote. Na kama likikumbukwa, hukumbukwa hivi: "Ilikuwa mwaka ule wa vita, wakati wa maharage." Kwa hesabu yetu, neno hilo halitoshi. Ikiwa mlima ulianguka usiku wa Alhamisi, nasi tukaandika Jumamosi, tutaulinganisha na mvua isiyo yake. Tutajifunza uongo, tena uongo wenye namba, ambao ni mgumu kuung'oa kuliko mwingine.

Hata hivyo, kutoka katika habari hizo chache, mwaka 2019 wataalamu walewale waliweza kutangaza vizingiti vya mvua vya kwanza kwa sehemu hii ya Afrika ya joto. Njia yao yafaa kusifiwa. Hawakuhesabu mvua ya siku moja tu, bali maji ya majuma kadhaa ya nyuma, wakiyapa maji ya jana thamani kubwa kuliko ya juzi, na ya juzi kuliko ya mwezi uliopita, kwa sababu ardhi nayo husahau: maji huvuja, hukauka, hunyonywa na mizizi. Tena hawakuweka kizingiti kimoja kwa wote. Mteremko mkali ulio dhaifu umepewa kizingiti cha chini, na ardhi iliyo imara kizingiti cha juu. Ni sawa na mganga anayempa kila mgonjwa dawa kwa kadiri ya mwili wake.

Mtauliza: mvua hiyo waliipata wapi, maana vipimo ni haba? Waliipata kutoka angani. Setilaiti iliyoitwa TRMM, iliyorushwa mwaka 1997 na Wamarekani na Wajapani, ilipima mvua ya nchi za joto mpaka 2015. Nyingine, GPM, ilirushwa mwaka 2014, nayo ndiyo inayoongoza kundi la setilaiti zinazotupa leo mvua ya karibu dunia nzima kila nusu saa. Ni kazi ya ajabu. Lakini tusiwe kama yule anayeona ndege ikipita akadhani amekwisha kusafiri. Setilaiti haitazami kila bonde. Inaigawa nchi katika miraba ya karibu kilometa 10 kila upande, na kutoa mvua ya wastani wa kila mraba. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha meta 1,460 hivi, na milima ya Kalehe inapanda juu yake kwa ghafla. Katika mraba mmoja mtakuta maji ya ziwa, ufuko, genge na malisho ya juu. Wingu dogo likimwaga maji yote juu ya bonde moja, wastani utalificha. Wataalamu walipoilinganisha mvua ya setilaiti na vipimo vichache vilivyopo katika milima hii, waliona kwamba setilaiti huonyesha pungufu, hasa mvua inapokuwa kubwa, yaani saa ileile tunapoihitaji. Tena habari zake za haraka huchukua saa kadhaa kufika mikononi mwa watu, na mto mfupi wa mlimani haungoji hivyo.

Basi kuna saa mbili za kutazama. Setilaiti ni nzuri kwa saa ndefu: inatuambia kwamba kwa majuma haya mlima umekunywa sana, na kwamba sasa ni wakati wa kulala macho. Saa fupi, ile ya jioni ya leo, inatakiwa kusomwa pale pale mlimani, na mtu au mtambo ulio chini ya mvua ileile.

Vipimo vilivyonyamaza

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba zamani vipimo vilikuwa vingi kuliko leo. Taasisi ya kilimo ya INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933, ilikuwa na kituo chake Mulungu, na taasisi ya utafiti ya IRSAC, ya mwaka 1947, ilikuwa Lwiro, ambako utafiti unaendelea hata leo. Mashamba makubwa na misheni nyingi zilikuwa na kipimo cha mvua uani, na padri, bruda au mwalimu aliandika kila asubuhi. Baada ya 1960 vingi vilinyamaza: waliovisoma waliondoka, karatasi zikaisha, kisha vita vikafuata. Namna hiyo tulipoteza vyombo, tena tulipoteza mfululizo wa miaka, ambao hauwezi kununuliwa sokoni. Mwenye kuanza kupima leo atangoje miaka mingi kabla ya kuweza kusema, "Masika hii ni kubwa kupita desturi."

Huko Kinshasa kuna Mettelsat, shirika la serikali linaloshughulika na hali ya hewa. Kati ya kilima cha Kalehe na Kinshasa kuna njia ndefu sana kwa namba moja ya mvua kwenda, kufikiriwa na kurudi kama onyo. Nionavyo mimi, sehemu ya uamuzi lazima ibaki karibu na mlima: kwa chifu, kwa kamati ya kijiji, kwa yule anayeshika kengele au ngoma. Wao wanajua nyumba zipi ziko njiani mwa tope, na kizee yupi hawezi kutembea.

Hapo lakini panazuka shida ambayo hakuna hesabu inayoiondoa. Kizingiti kikiwekwa chini sana, kengele italia mara kumi na mlima hautaanguka hata mara moja. Watu watalala nje bure, watanyeshewa, wezi wataingia nyumbani, na mara ya kumi na moja hakuna atakayetoka. Kikiwekwa juu sana, siku itakuja ambayo kengele italia baada ya tope. Ni nani achague? Kwa maoni yangu ni wale wenyewe watakaokimbia, baada ya kuelezwa wazi ni mara ngapi watasumbuliwa bure. Waweza pia kuwa na daraja mbili: ya kwanza inasema "udongo umeshiba, mlale mkiwa mmevaa, watoto wasilale nyumba ya bondeni", ya pili inasema "tokeni sasa". Ile ya kwanza yaweza kutoka katika hesabu ya majuma. Ya pili hutoka katika mvua ya saa hii.

Na mpango wenyewe waweza kufa njaa hata kwa matajiri. Huko California, kandokando ya San Francisco, Wamarekani walianza mwaka 1986 mpango wa kutoa onyo la maporomoko kwa kutumia vipimo vya mvua vilivyopeleka habari papo hapo. Ulifanya kazi vizuri. Mwaka 1995 ukafungwa, kwa kuwa watu na fedha za kuuendesha vilikosekana. Nawatajia hayo ili yeyote anayeletewa mtambo wa zawadi aulize siku ileile nani atanunua betri mwaka wa tatu.

Mambo ambayo mvua haitasema

Tusiidai mvua kila kitu. Mjini Bukavu kuna mtaa wa Funu, uliojengwa juu ya poromoko kubwa sana la kale, lenye kina kirefu, ambalo bado linatembea polepole mwaka hata mwaka, likipasua kuta na kukunja mabomba. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022, uliotumia picha za miaka 70 hivi, ulionyesha kwamba kukua kwa mji juu yake kumeharakisha mwendo wa sehemu zake. Poromoko la namna hiyo halingoji mvua ya jioni moja. Kwake, maji yanayovuja katika mabomba na mifereji mibovu nayo ni mvua.

Vilevile mkono wa mtu hubadili kizingiti. Msitu ukikatwa, mizizi iliyofunga udongo huoza, na kwa miaka kadhaa mteremko huanguka kwa maji machache kuliko zamani. Njia ikikatwa kilimani bila mfereji, mgodi ukichimbwa chini ya mteremko, hali ni hiyohiyo. Kwa hiyo kizingiti kilichopatikana kwa maporomoko ya baba zetu chaweza kuwa kirefu mno kwetu sisi. Orodha ya maporomoko haifungwi kamwe.

Tena zipo dalili zinazopaswa kujulikana na kila mtoto wa shule: nyufa mpya zinazofuata upana wa mteremko, miti na nguzo zinazoanza kuinama, mlango ambao jana ulifungwa vizuri na leo unakwama, chemchemi inayotoa tope ghafla. Na moja iliyo ya hatari kupita zote: mvua inanyesha kwa nguvu, lakini mto unapungua. Watu hutoka kutazama kwa mshangao. Wasitazame. Huenda udongo umeuziba mto huko juu, na nyuma ya boma hilo maji yanakusanyika. Waukimbie mto, wapande pembeni, siyo kufuata bonde.

Daftari la kurasa mbili

Chombo cha kupimia mvua hakihitaji fedha nyingi. Kopo lolote lenye ubavu wima, mdomo na kitako vyenye upana uleule, linatosha kuanza, na rula ya milimeta. Liwekwe wazi juu ya nguzo, karibu meta moja kutoka chini, mbali na mti au paa angalau mara mbili ya kimo cha kitu hicho. Lisomwe kila asubuhi saa ileile, kisha limwagwe. Mvua ikizidi jioni, mtu akiweza bila hatari, lisomwe pia kila saa.

Sisi walimu tunajua kosa ambalo wanafunzi watalifanya, maana wanalifanya katika hesabu zote: pasipo na mvua wataacha nafasi tupu. Sifuri lazima iandikwe. Siku yenye sifuri ni siku iliyopimwa. Nafasi tupu yaweza kuwa kiangazi, ugonjwa wa mpimaji au uvivu, na baada ya miaka kumi hakuna atakayejua ni lipi. Siku isiyopimwa iandikwe hivyo hivyo, "haikupimwa", bila aibu, na asithubutu mtu kubuni namba ili ukurasa upendeze.

Ukurasa wa pili ndio ule mguu niliosema umekosekana. Huo ni wa maporomoko: siku, saa ikijulikana, jina la kilima, upana kwa hatua, udongo tu au mawe pia, shamba au msitu au kando ya njia. Yaandikwe hata yale madogo yasiyoua kuku. Uganda, katika milima ya Rwenzori, wataalamu walifundisha tangu 2017 kundi dogo la wenyeji kwenda kutazama kila poromoko karibu na kwao na kupeleka habari zake kwa simu, na kwa njia hiyo yalijulikana mengi ambayo setilaiti na magazeti hayakuyaona. Hakuna kitu katika kazi hiyo ambacho mwanafunzi wa sekondari wa Kalehe, Kabare au Walungu hawezi kukifanya.

Ugumu ni kalenda. Shule zetu hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba, pamoja na mvua za kwanza, na likizo kubwa huangukia kiangazi. Hapo hatuna hasara kubwa. Lakini likizo ya Pasaka huja katikati ya masika, wakati mlima umejaa maji, nao wanafunzi wametawanyika kwao. Kwa majuma yale mawili daftari na rula vikabidhiwe kwa mtu anayekaa karibu na anayejua kusoma namba: katekista, mlinzi wa shule, mwuza duka. Aonyeshwe mbele ya kopo lenyewe namna ya kuliweka sawa, asubuhi mbili au tatu kabla ya shule kufungwa.